Umemaliza Kidato cha Nne na unasubiri matokeo: fanya hivi

Mitihani ya Kidato cha Nne ikiisha tu mwezi Novemba, haipiti wiki kabla mzazi hajasimama mlangoni pa banda langu hapa Morogoro, nyuma yake kijana amejikunyata, macho kwenye simu. Maneno ni yale yale kila mwaka: "Fundi, nimekuletea mwanao. Ashikeshike kitu, asije akaniharibikia." Mpaka sasa nimepokea wasichana 11 na wavulana 6 kwa mtindo huo. Kuna waliokaa wiki mbili wakatoroka. Mmoja hajaondoka hadi leo, na siku hizi suti zote anakata yeye.

Mimi ni fundi cherehani na mama wa watoto watatu, sijasomea ualimu wala udaktari. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa hao 17, kwa watoto wangu, na kwangu mwenyewe, maana nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1996 na miezi ile ilinitoa jasho kuliko mtihani wenyewe.

Hesabu kwanza uone ukubwa wake. Mtihani unaisha Novemba. Baraza la Mitihani, NECTA, kwa kawaida linatoa matokeo mwishoni mwa Januari. Watakaochaguliwa Kidato cha Tano wanaripoti Julai. Hiyo ni miezi 7 bila kengele. Tangu una miaka 6 au 7 kuna mtu alikuwa anakupangia saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kusoma, hata saa ya kwenda chooni. Ghafla hakuna, na imetokea wakati mwili wako nao unabadilika kila mwezi na kichwa kimejaa maswali.

Katika yote nitakayosema, hili ndilo la kwanza: tafuta mahali ambapo siku usipofika, mtu atauliza, "Yuko wapi leo?"

Wiki mbili za mwanzo, lala

Sikutanii. Wazazi wanakuja kwangu siku ya tatu baada ya mtihani na mtoto ana macho mekundu kama pilipili. Huwa nawarudisha. Mtoto amekesha miezi mitatu na tochi na "past paper", leo unamtaka atunge uzi kwenye sindano? Mwache alale. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja kwa wenye miaka 13 hadi 18, na wengi wenu hamjafika hapo tangu Kidato cha Tatu. Halafu katika umri huo usingizi wenyewe unachelewa kuja usiku. Ndivyo mwili ulivyo, kwa hiyo mzazi asikimbilie kusema ni uvivu.

Lakini wiki mbili zikiisha, zimeisha. Chagua saa moja ya kuamka na uishike hata Jumapili. Mimi nasema saa 1 asubuhi. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baada ya siku nne tano, mradi simu isilale na wewe kitandani. Wanaolala saa 9 usiku na kuamka saa 7 mchana, nimewaona, wana hasira bila sababu, hawali asubuhi, na kufikia Februari wanaongea na ukuta.

Mahali pa kuulizwa

Si lazima iwe kazi ya hela. Inaweza kuwa gereji, saluni, banda la kuku la mjomba, kozi ya kompyuta, kwaya inayofanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, madrasa unakosaidia watoto wadogo kusoma, timu ya mpira ya mtaa yenye kocha mkali. Kuna kijana alipanda kwa bibi yake Mgeta kulima kabichi na karoti, akarudi Juni na mabega ambayo ilibidi niyapime mara mbili. Kipimo ni kile kile: ukikosekana utaulizwa. Kozi ya mtandaoni ambayo hakuna anayejua kama umefungua au hujafungua, haihesabiki.

Ukienda kuomba, nenda mwenyewe. Mama akikutangulia kusema, fundi anajua kazi utakuwa unamfanyia mama yako. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, na usiende Jumamosi, siku ambayo kila mtu anadai nguo yake ya harusi. Usiseme "naomba kazi", kwa sababu jibu la hilo liko tayari mdomoni mwa kila mwenye banda. Sema: "Nasubiri matokeo, nina miezi kadhaa. Naomba niwe nakuja saa 2 mpaka saa 8 mchana, nikusaidie na nijifunze." Desemba huwa sikatai, kwa sababu ni mwezi wa sare za shule. Sketi za Kidato cha Kwanza zinanifika shingoni, na mikono miwili ya kukata nyuzi ni neema.

Kabla ya siku ya kwanza mkubaliane mambo matatu: saa za kuingia na kutoka, chakula au nauli inatoka kwa nani, na siku gani hufanyi kazi. Mzazi ajue banda liko wapi na amwone mwenye banda kwa macho. Mahali pawe pa wazi, watu wanapita. Ukiambiwa kazi inafanyika chumba cha nyuma mlango ukiwa umefungwa, chukua mkoba wako urudi nyumbani, hata kama ni ndugu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaanguka. Wiki ya kwanza utafagia. Utajaza uzi kwenye bobini. Utawasha mkaa wa pasi. Utafumua, na kufumua ndiyo kazi ninayompa kila mgeni: suruali kuukuu, wembe, na maelekezo ya kutoa nyuzi zote bila kutoboa kitambaa. Kijana mmoja aliondoka siku ya tatu, akamwambia baba yake "nafanywa hausiboi". Sikumlaumu sana, ana miaka 17, alikuwa wa kwanza darasani, na leo anaambiwa ufagio hajui kuushika. Ila mwenzake aliyebaki, aliyefumua suruali tisa mfululizo, alikuja kuniambia kitu ambacho sikumfundisha: "Anti, kumbe mfuko unashonwa kabla ya ubavu." Alikuwa amejifunza suruali inavyotengenezwa kwa kuibomoa.

Usipojua unapenda nini, usihangaike. Mvulana mmoja hakuweza kushona mstari ulionyooka hata kwa dawa, lakini cherehani yangu ya miguu ilipokwama, aliifungua yote, akaisafisha, akairudisha, na haikubaki skrubu hata moja mkononi. Sasa mafundi wa mtaa mzima wanamwita. Asingejua hilo akiwa sebuleni.

Nyumbani: msichana si hausigeli, mvulana si mgeni

Hapa nina neno na wazazi. Nimeona binti anamaliza shule leo, kesho hausigeli anarudishwa kwao. Binti anaamka saa 11 kuchota maji, anaosha vyombo, anabeba mdogo mgongoni, mpaka Julai. Kaka yake wa umri huo huo yuko kijiweni na anawekewa chakula chini ya kawa. Halafu mnauliza kwa nini yule binti amekubali kuolewa na mtu wa kwanza aliyemtabasamia. Alitaka kutoka jikoni.

Wewe binti, kazi za nyumbani fanya, huo ni wajibu. Lakini omba ziwe na mwisho. Ongea na mama usiku, akiwa ametulia, siyo akiwa na mwiko mkononi. Mwambie: "Mama, nitafanya kazi za asubuhi na za jioni. Naomba saa 2 mpaka saa 8 niwe kwa fundi." Ukimpa saa kamili ni rahisi kukubali kuliko ukimwambia "nataka na mimi nitoke". Na wewe mvulana, jifunze kupika wali usioungua na kufua shuka zako. Hilo la shuka nalirudia, kwa sababu ndoto nyevu zipo, ni za kawaida kwa kila mvulana anayekua, na hakuna haja ya mama au dada kuwa ndiye anayezifua.

Mwili, kutoka kwa mtu mwenye tepu shingoni

Nimepima watu zaidi ya miaka 25. Sijawahi kupima mtu ambaye pande zake mbili zinalingana. Bega moja liko juu, mkono mmoja mrefu, titi moja kubwa kuliko jingine, na kwa wasichana wa miaka 15 mpaka 17 tofauti hiyo inaonekana zaidi kwa kuwa mwili bado unajipanga. Wanakuja wameinama, wamekunja mikono kifuani, wananong'ona "anti, nishonee pana". Binti, simama wima nikupime. Uko kama wenzako wote.

Wavulana mnanila kitambaa. Suruali ya Desemba inakuwa juu ya kifundo cha mguu ifikapo Mei, kwa hiyo nawaachia pindo la inchi 3. Wengine wanaanza kurefuka wakiwa na miaka 12, wengine 15. Aliye mfupi leo asiniambie habari za kunywa dawa za kurefuka.

Chunusi: osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, usiziminye, na usipake krimu uliyopewa na rafiki kwenye kikopo kisicho na maandishi. Krimu nyingi za kung'arisha zina dawa kali ambazo zinaiharibu ngozi kabisa. Chunusi zikiacha makovu, nenda hospitali.

Hedhi: andika tarehe kwenye daftari lako. Miaka ya mwanzo inaruka ruka, usishtuke. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa. Kwenye droo yangu ya pili kuna pakiti, anayehitaji anachukua bila kuomba, na wavulana wa banda langu wanajua kilichomo na hakuna anayecheka. Maumivu ya kukufanya ushindwe kusimama kila mwezi usiyavumilie kwa kuambiwa "ndiyo uanamke huo". Mweleze daktari.

Hela kidogo na daftari

Nawapa shilingi 2,000 kwa siku ya chakula na nauli, na akishajua kupinda suruali, nusu ya bei ya pindo ni yake. Ni hela ndogo. Andika kila jioni: imeingia ngapi, imetoka ngapi, imebaki ngapi. Mistari mitatu tu. Mwisho wa mwezi utaona mwenyewe soda imekula kiasi gani.

Na mikeka ya kubeti. Kubeti kwa sheria ni kwa miaka 18 kwenda juu, lakini nyote mnajua laini ya kaka inavyotumika. Nilikuwa na kijana, mikono yake ilianza kutetemeka saa 6 mchana, sindano inamchoma vidole. Nikadhani ana malaria. Kumbe siku tisa alikuwa hali mchana, hela yote ya chakula inaingia kwenye mkeka wa timu sita, na kila jioni ni timu moja tu "iliyomchania". Hiyo "moja tu" ndiyo mtego wenyewe. Sikumgombeza. Nilianza kumpa wali na maharage badala ya noti.

Ukiwa na muda, tumia pia hela kidogo kutafuta cheti chako cha kuzaliwa RITA kama huna, na ukitimiza miaka 18 kajiandikishe NIDA upate kitambulisho cha taifa. Mwaka kesho kila dirisha utakalosimama litakuuliza karatasi hizo.

Simu, na mtu mkubwa anayekupenda ghafla

Kwangu simu zote zinaingia kwenye droo ya mikasi tunapofungua, zinatoka wakati wa chakula. Wiki ya kwanza wananuna. Kilichomo kwenye magrupu ya wahitimu mnakijua: mmoja kaweka picha yuko ufukweni Zanzibar, mwingine anasema amepata shule ya binafsi, na kila Ijumaa ya Januari mtu anarusha kiungo cha uongo, "YAMETOKA!" Moyo unakwenda mbio bure. Matokeo utayaona kwenye tovuti ya NECTA yenyewe, basi.

La mtu mkubwa ni zito. Miezi hii ndiyo wanapotokea: mwenye bodaboda anayekupakia bure, mteja anayekununulia chipsi, yule wa "nina mtu wangu chuoni, nitakuingiza". Mpime kwa swali moja: "Naweza kumwambia mama kwamba umenipa hii?" Akisema iwe siri yetu, umeshajibiwa. Kwa sheria yetu, mwanaume anayefanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alisema ndiyo. Wavulana nao wanafanyiwa, na wao hawasemi kabisa. Kuna namba ya bure ya simu kwa watoto, 116, Tanzania na Kenya pia. Unapiga, unasikilizwa. Nimeiandika kwa chaki ukutani, juu ya pasi.

Namba hiyo hiyo ni ya huzuni pia. Binti mmoja alikuwa anashona kola ile ile, anafumua, anashona, siku nzima, hali, haongei. Mimi nikaona ni aibu ya ugeni. Zilipofika wiki mbili nilimfuata mama yake, tukampeleka hospitali, na nashukuru hatukungoja ya tatu. Ukiona wiki mbili zimepita hulali, huli, hufurahii hata ulichokuwa unakipenda, au unawaza bora usingekuwepo, siku hiyo hiyo mwambie mtu mzima mmoja. Akikwambia "acha mawazo", mwambie mwingine.

Siku ya matokeo

Mwaka 1997 matokeo tuliyafuata shuleni, yamebandikwa ubaoni, watu mia mbili wanasukumana. Nilisoma jina langu mbele ya wote: Daraja la Nne. Nilitembea kwa miguu mpaka kwa shangazi yangu, sikupitia nyumbani, na baba alikaa siku tano bila kuniita jina. Nawaambia haya ili mjue kwa nini nimeipanga siku hii kuliko zote.

Wiki moja kabla, chukua karatasi, igawe sehemu tatu. Ya kwanza: nikipata Daraja la I hadi III nitafanya nini. Ya pili: nikipata la IV. Ya tatu: nikipata sifuri. Jaza zote tatu sasa, ukiwa na akili ya kawaida. Kumbuka hesabu: masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1 na F ni 5. Daraja la I ni pointi 7 hadi 17, la II ni 18 hadi 21, la III ni 22 hadi 25, la IV ni 26 hadi 33. Zikiwa 34 au 35, ni sifuri.

Kwenye sehemu ya kwanza andika tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano, unayoitaka, na ukumbuke kuna muda maalumu wa kubadilisha machaguo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Selform, ukipita umepita. Kwenye ya pili andika vyuo vya cheti, kwa kuwa ufaulu wa D nne unafungua milango mingi kuliko mtaa unavyosema, halafu VETA, vile vyuo vya ufundi, halafu kurisiti, yaani kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwenye ya tatu VETA na kurisiti bado zipo, andika.

Siku yenyewe, kula kwanza. Namba yako ya mtihani iwe imeandikwa kwenye karatasi, mikono itatetemeka. Chagua mtu mmoja wa kukaa naye. Magrupu yafunge. Ukishaona, toa ile karatasi, soma sehemu yako, halafu ndiyo umpigie mzazi, na sentensi ya pili iwe ya karatasi: "Nimepata la Nne. Nimeandika mambo matatu ninayoweza kufanya, nikija jioni tuyasome." Wazazi wanaogopa kuliko nyinyi. Wakiona karatasi wanapata pa kushika.

Na wewe mzazi, usiku huo usimtaje mtoto wa jirani.

Januari moja, binti wa banda langu alipata pointi 31. Nilijua kwa sababu mama yake alinipigia usiku akilia. Asubuhi yake nilichelewa, nikamkuta ameshafungua, macho yamevimba, ameshafagia, amewasha mkaa. Nilimpa suruali ya kufumua. Hatukusema kitu mpaka saa 5, alipotoa karatasi yake mfukoni, imekunjwa mara nne, akaniuliza VETA Kihonda ni daladala ipi.

Kwa hiyo, matokeo yoyote yale, kesho yake njoo saa 2. Nikichelewa, funguo ziko kwa mama ntilie wa mlango wa pili.